Riwaya tulizozisomea mtihani, tuzirudie sasa bila mtihani

Msomaji wa Ngamiani

Wakuu, salaam kutoka Tanga.

Bibi yangu macho yamemchoka. Jicho moja limefanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, la pili linasubiri zamu, na usiku akishaswali isha hana kazi ila redio. Miezi mitatu iliyopita nikaona nimsomee kitabu. Nilichokishika kwanza kabatini kilikuwa Vuta N'kuvute cha Adam Shafi, nakala yangu ya kidato cha sita. Jalada limebanduka, na pembezoni nimejaza penseli: "dhamira", "mgogoro", "msimamo wa mwandishi". Kitabu hicho nilikijibia mtihani nikafaulu, kwa hiyo nilijiona nakijua.

Tukafika pale Yasmin, msichana wa Kihindi aliyeozwa mume wa umri wa baba yake, amekwisha kumkimbia mumewe, jamaa zake wamemfungia mlango, na anayempokea ni Mwajuma, shoga yake wa Ng'ambo, mtaa wa Unguja. Bibi akaniambia, "Simama hapo. Huyo Mwajuma ndiye mwenye hadithi."

Nikamwambia hapana bibi, mhusika mkuu ni Yasmin.

Akasema, "Mkuu kwa nani? Mimi nimeishi na akina Mwajuma. Mtu kafukuzwa kwao, yeye hana kitu, lakini anasogea kitandani mwenziwe alale." Kisha akanisimulia habari za mwanamke mmoja wa mtaa wetu enzi za mkoloni, ambaye nyumba yake haikukosa mgeni aliyekimbia jambo. Usiku ule hatukuendelea na kitabu.

Wakuu, kwenye mtihani nilimwandika Mwajuma kwa mstari mmoja: mhusika msaidizi, ana upendo, ni mchangamfu. Basi. Bibi ambaye elimu yake ni kisomo cha watu wazima alimwona mtu mzima mahali ambapo mimi niliona nukta ya maksi.

Ndiyo sababu ya uzi huu. Kila wiki naona watu wanaulizana wasome riwaya gani, na wengine wanasema Kiswahili hakina riwaya. Ukimdodosa anayesema hivyo utakuta amesoma nne au tano za shule, tena si zenyewe, amesoma vijitabu vya uhakiki: fani huku, maudhui kule, mafanikio na udhaifu wa mwandishi ukurasa wa mwisho. Mimi napendekeza turudi kwenye zile zile. Wengi wetu tumezipita kama abiria wa basi la usiku wanavyopita mji.

Nianze na wa nyumbani. Shaaban Robert amezaliwa Vibambani, hapa hapa kwetu, tarehe 1 Januari 1909, akafariki Juni 1962, akazikwa Machui. Ukitoka mjini kwa barabara ya Pangani unapita karibu na kaburi lake. Maisha yake mengi alikuwa karani wa serikali ya kikoloni, forodhani Pangani kwanza, kisha Mpwapwa, kisha akarudi Tanga. Nayasema haya kwa sababu Kusadikika, iliyotoka mwaka 1951, ukiisoma kidatoni unaambiwa ni "nchi ya kufikirika iliyo angani" na unaandika hivyo. Isome leo ukikumbuka kwamba aliyeiandika aliamka asubuhi akaenda kuketi kwenye meza ya karani chini ya mtawala ambaye hakumchagua. Karama anasimama barazani kushtakiwa. Kosa lake ni kutaka watu wafundishwe sheria. Anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote, hadi juu mbinguni na chini ardhini, kuitafutia nchi mambo mema, na jinsi walivyopokewa waliporudi. Nilipokuwa na miaka kumi na saba niliona hotuba ndefu. Sasa nina mtoto, nina kazi, nimeshawahi kukaa kwenye kikao nikajua lililo sawa nikanyamaza. Nikiisoma Kusadikika leo mikono inanitetemeka.

Kwa hiyo orodha yangu ya kuanzia ni hizo mbili, Vuta N'kuvute na Kusadikika. Nyingine nitaziongeza kadiri tunavyoendelea. Leteni za kwenu, ila tafadhali msiandike "ni nzuri sana" mkaishia hapo. Semeni ni nani aisome na kwa nini. Nawasilisha.

Kijana wa Mabawa

Mkuu, heshima yako. Mimi ni fundi baiskeli, na tangu nimalize kidato cha nne sijamaliza kitabu hata kimoja. Si kwamba sipendi. Nikifika ukurasa wa ishirini usingizi unanibeba, maana siku nzima nimeinama. Hiyo Kusadikika naiogopa. Nianze na kipi ambacho kitanikamata?

Msomaji wa Ngamiani

Mdogo wangu, usianze na Kusadikika, umesema kweli. Anza na Bwana Msa.

Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alishinda shindano la uandishi la miaka ya 1957 na 1958 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, kikachapishwa mwaka 1960. Mtu ameuawa, maiti imekutwa mahali pa mzimu, kila mtu ana la kusema, na Bwana Msa anakaa na kiko chake anasikiliza. Hakimbizani na mtu, hapigi bastola. Anauliza maswali yanayoonekana hayana maana, rafiki yake Najum anashangaa, nawe unashangaa pamoja naye. Baadaye vikaja Kisima cha Giningi, Duniani Kuna Watu, Siri ya Sifuri na vingine. Kiswahili chake ni cha barazani, kitamu mno, na kwa fundi aliyechoka nadhani kina faida nyingine: sura moja ukiimaliza, huwezi kulala bila kujua ya pili.

Ukitaka mbio kuliko hizo, mtafute Willy Gamba, mpelelezi wa Elvis Musiba. Kufa na Kupona ni ya mwaka 1974. Nilianza kuisoma stendi ya Tanga naelekea Dar, na Segera sikuiona tulivyoipita. Kuna watu wanawadharau Musiba na Ben Mtobwa, eti si fasihi. Mimi sikubali. Kizazi kizima cha mafundi, makarani, wanajeshi na madereva kilisoma kwa sababu ya Willy Gamba, na Joram Kiango wa Mtobwa. Nakala zilizunguka gereji mpaka zikawa nyeusi kwa oili. Mwandishi anayemfanya mtu aliyechoka awashe taa asome, ana heshima yangu yote.

Mwalimu Mstaafu

Nimeufuatilia uzi kwa makini. Nilifundisha Kiswahili sekondari zaidi ya miaka thelathini, sehemu kubwa katika mkoa huu wa Tanga.

Mwanangu mleta uzi, unayoyasema ni ya kweli na yananiuma, lakini sikiliza na upande wa darasa. Nilikuwa na nakala sita za riwaya kwa mkondo mzima. Sita! Wanafunzi walizisoma kwa zamu, usiku bwenini, mwingine akipewa kitabu siku mbili kabla ya jaribio. Mtoto huyo ukimwambia "soma taratibu ufurahie", unamwonea. Akishika kijitabu cha uhakiki anajiokoa. Nilichoweza kufanya ni kusoma mwenyewe kwa sauti kipindi cha mwisho cha Ijumaa, bila maswali wala daftari. Nakumbuka Watoto wa Mama N'tilie ya Emmanuel Mbogo. Tulipofika pale Peter na Zita wanarudishwa nyumbani kwa kukosa ada na sare, darasa likawa kimya, maana humo darasani walikuwamo waliorudishwa wiki ile ile. Hakuna aliyeuliza dhamira ni nini.

Sasa nami nipendekeze. Nampendekeza Euphrase Kezilahabi, na nampendekeza kwa wazazi hasa. Rosa Mistika ilitoka mwaka 1971, na kwa muda ikakatazwa mashuleni kwa sababu ilisema waziwazi yanayowapata wasichana. Someni vile Zakaria, baba mlevi, anavyomlea Rosa kwa kipigo, anampiga kwa ajili ya barua ya mvulana, kisha anashangaa mtoto aliyekulia chini ya fimbo akipata uhuru anafanya nini nao. Nimewasomea wazazi kurasa hizo kwenye kikao cha shule. Baba mmoja alitoka nje, akarudi baadaye akaniomba kitabu.

Kisha mtafuteni Aniceti Kitereza wa Ukerewe, kisiwa hicho hicho cha Kezilahabi. Aliandika habari za Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945, hakupata wa kuichapa, akaigeuza mwenyewe kuwa Kiswahili, na ikatoka mwaka 1980 kwa majuzuu mawili. Mwaka uliofuata akafariki. Mzee yule alingoja miaka thelathini na mitano. Kisa ni mume na mke wanaopendana ambao hawajapata mtoto, na jamaa wa pande zote mbili wanawavuta. Ndani yake mna uvuvi, pombe ya ndizi, matambiko, namna ya kumpokea mkwe. Ni kitabu cha mtu mwenye subira, msomeni wakati wa mvua.

Bint Raskazone

Shikamoo mwalimu. Naomba nikupinge kidogo kwa adabu.

Rosa Mistika nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa tayari mama. Kezilahabi anamwona Zakaria sawasawa, hilo nakubali. Lakini mwishowe adhabu yote inamwangukia Rosa, na wanaume waliompitia wanaendelea na maisha yao. Najua utaniambia ndivyo dunia ilivyo. Bado niliufunga ule ukurasa wa mwisho nikiwa na hasira kwa mwandishi, si kwa dunia tu.

Ndiyo maana mtu akiniomba riwaya ya mwanamke mimi nampa Utengano ya Said Ahmed Mohamed, iliyotoka 1980. Humo nako msichana anafungiwa. Bwana Maksuudi ni mkubwa wa watu, nje anasifiwa, ndani binti yake Maimuna haoni jua. Anatoroka, na huko nje anakutana na mabaya mengi kuliko aliyoyakimbia. Tofauti ni kwamba mwandishi hamtupi. Anakaa naye hadi chini kabisa, anamtazama usoni. Na yule Bi Farashuu, kizee mwenye kisasi chake, sijakutana na mwanamke wa namna hiyo katika kitabu kingine chochote.

Wanaotaka lugha, lugha tupu, wasome Nyota ya Rehema ya Mohamed Suleiman Mohamed, ya mwaka 1976. Rehema ni mtoto wa tajiri ambaye baba yake hamtaki. Sitasema zaidi kuhusu kisa. Isomeni polepole, kurasa tano kwa siku, maana kuna sentensi humo nimezirudia kama mtu anayerudia ubeti wa taarabu. Mimi niliisoma nikiwa na ujauzito wa mwanangu wa kwanza, jioni, pale ufukweni, na nikamwita Rehema.

Msomaji wa Ngamiani

Dada yangu Bint Raskazone, umenigusa. Mungu amkuze Rehema.

Mwalimu, shikamoo. Nakuomba radhi kama maneno yangu yalikupiga. Nakala sita kwa mkondo mzima sikuwa nimelifikiria. Nasi tulikuwa na chache, na ninakumbuka tulivyokichana kitabu kimoja vipande vinne ili wanne wasome kwa wakati mmoja. Mimi nilianzia katikati, na mwanzo nikausoma mwisho. Pengine hapo ndipo nilipompoteza Mwajuma.

Kuhusu Rosa, nasimama katikati yenu. Nadhani Kezilahabi hakuwa na huruma kwa mtu yeyote katika vitabu vyake vya mwanzo, wala kwa msomi mwenzake. Katika Kichwamaji, ya mwaka 1974, Kazimoto ni mwanafunzi wa chuo kikuu, na anatendwa vibaya vile vile, labda zaidi. Ukikisoma hicho ukiwa na miaka ishirini unakuwa na huzuni wiki nzima. Simpendekezei kijana aliye peke yake mjini na asiye na kazi. Nasema hivi kwa moyo kabisa: kitabu kinaweza kuwa kizuri sana na kisiwe cha kumpa mtu fulani kwa wakati fulani.

Dunda Bagamoyo

Habari za Tanga. Mimi nipo Bagamoyo, nawasikiliza siku nyingi leo nimeamua kuandika.

Yangu ni tafsiri, sijui kama inaruhusiwa. Abdulrazak Gurnah alipopata Nobel mwaka 2021, watu wengi wa pwani tulifurahi, lakini tulikuwa tunafurahia mtu tusiyeweza kumsoma kwa lugha yetu, maana vitabu vyake aliandika kwa Kiingereza. Mwaka uliofuata Mkuki na Nyota wakatoa Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya ile riwaya yake ya mwaka 1994. Niliinunua kwa fedha niliyokuwa nimeweka kwa viatu.

Yusuf ana miaka kumi na miwili. Tajiri Aziz, ambaye amezoea kumwita ami, anakuja kwao mara kwa mara na kumpa sarafu. Siku moja anaondoka naye. Mtoto haelewi kwamba amewekwa rehani kwa deni la baba yake, mpaka kijana mwenziwe dukani anamwambia kwamba yule si ami yake. Baadaye anapelekwa na msafara bara.

Mimi nimekulia karibu na Caravanserai. Tukiwa wadogo tulipelekwa na shule, tukaambiwa hapa wapagazi walitua pembe kutoka Ujiji, tukaandika, tukarudi nyumbani kucheza mpira. Ni jengo, lina ua, lina miti. Baada ya kusoma Peponi nilikwenda tena peke yangu Jumapili moja. Nikakaa uani nikawaza: kila msafara ulioingia hapa ulikuwa na mtoto kama Yusuf, na hakuna aliyeandika jina lake. Kitabu hakiutaji mji wa Yusuf kwamba ni wetu, lakini mimi nimekisoma kwa macho ya mtu wa hapa.

Na Kiswahili cha tafsiri ile, wakuu! Unasahau kabisa kwamba wale watu waliwahi kuongea Kiingereza. Mtu anayeishi pwani yoyote, Tanga, Kilwa, Lamu, akisome.

Horohoro

Naona Tanga yote mpo humu na hamjaitaja riwaya yenye Tanga ndani!

Siku Njema ya Ken Walibora, 1996. Kongowea Mswahili anakulia Tanga. Mama yake, Zainabu Makame, ni mwimbaji wa taarabu mwenye sauti ya kusimamisha mji. Mama anafariki, na mtoto anaanza safari ya kumtafuta baba, anavuka kuingia Kenya. Nimesoma upande wa Kenya, na huko kila aliyepita sekondari miaka ile anaijua. Upande wa Tanzania nikiitaja watu wananiuliza, "Ya nani?" Inanisikitisha, kwa sababu mwandishi wa Kenya alitazama ramani yote ya Uswahilini akachagua kumzalia mtu wake Tanga, kwa ajili ya lugha na taarabu ya mji huo. Walibora alituacha Aprili 2020. Nilitamani siku moja aje asome sura ya kwanza hapo mjini kwenu, watu wamsikie.

Msomaji wa Ngamiani

Ndugu yangu Horohoro, umeniaibisha na nimekubali. Naijua kwa jina, sijawahi kuisoma. Taarabu ya Tanga ndiyo iliyomlea bibi: Black Star, Lucky Star, hizo anaimba hadi leo akichambua mchicha. Nikimwambia ipo riwaya ambayo mama ni mwimbaji wa taarabu wa hapa hapa, hatanipa nafasi ya kupumua. Wiki hii naitafuta.

Kijana wa Mabawa

Wakuu, Mzimu wa Watu wa Kale nimeipata kwa yule mzee anayetandika vitabu vya mtumba chini. Nimefika ukurasa wa sitini siku mbili. Sitaki mtu aniambie nani muuaji.

Swali: hivi vingine vyote mlivyotaja, hakuna mwenye faili la PDF anirushie? Hali ni ngumu.

Bint Raskazone

Mdogo wangu, naelewa hali ni ngumu. Lakini yule anayepiga picha kurasa na kuzisambaza anamnyima mwandishi au warithi wake kile kidogo walichobakiwa nacho, na mchapishaji akiona kitabu hakinunuliwi hakirudii kukichapa. Ndiyo maana leo Nyota ya Rehema unaizunguka mji mzima huipati.

Nenda maktaba ya mkoa, ile ya mjini yenye jina la Mfalme George wa Sita. Jiandikishe uazime. Vyumba vya kusomea ni vikubwa na kuna upepo. Wengi wanaikumbuka wakati wa mitihani tu, wanakwenda na madaftari yao, rafu za riwaya hawazigusi. Mimi nimewahi kuazima humo kitabu ambacho kabla yangu hakuna aliyekuwa amekichukua kwa miaka, nikasikitika kama nimemkuta mgeni amekaa barazani tangu asubuhi hajapewa maji.

Mwalimu Mstaafu

Binti, hapo sikuongezei neno. Na kwa Kijana wa Mabawa: nina nakala mbili za Kuli ya Adam Shafi. Moja ni yako. Ni ya mwaka 1979, habari za Rashidi na makuli wa bandari ya Unguja hadi mgomo wa mwaka 1948. Nimekuchagulia hiyo kwa sababu wewe ni mtu wa kazi za mikono, nawe utaelewa haraka kuliko mimi jinsi mgongo unavyokuwa jioni. Niandikie faraghani tupange utakavyoichukua.

Na usiogope unene wake. Soma sura moja, ziba pancha, soma nyingine.

Kijana wa Mabawa

Mwalimu, sijui niseme nini. Ahsante sana. Nitakuja na pampu, kama una baiskeli nyumbani nitaitazama.

Dunda Bagamoyo

Mleta uzi, umeanza na bibi ukatuacha. Vuta N'kuvute mliimaliza?

Msomaji wa Ngamiani

Tuliimaliza, mkuu. Ilituchukua wiki tano. Denge, yule kijana aliyesoma Urusi na anayesakwa na polisi wa mkoloni, bibi hakumpenda sana. Alisema kijana anayependa nchi kuliko watu waliomo ndani yake ni taabu kuolewa naye. Tulibishana siku tatu. Nilimweleza kwamba bila akina Denge uhuru usingekuja, akasema hilo analijua, alikuwapo, na bado hasemi kwamba angemwoza bintiye. Filamu yake ya mwaka 2021 nilimwekea kwa simu asikilize, akasema niizime, Mwajuma wake ana sauti nyingine.

Baada ya hapo nikamchukulia Shaaban Robert. Kusadikika niliona itamchosha, nikamletea Adili na Nduguze, ya mwaka 1952. Kwa wasioijua: Adili ni liwali wa Janibu chini ya Mfalme Rai, mtu mwema, anasifiwa kila mahali. Kisha mjumbe wa mfalme analala kwake na anagundua kwamba kila usiku liwali huyu anawacharaza viboko manyani wawili aliowafunga. Anaitwa kwa mfalme aeleze. Hapo ndipo kisa kinapoanza, kisa cha ndugu watatu, biashara, bahari na husuda.

Shuleni tulifundishwa kwamba majina ya wahusika yanabeba tabia zao, Adili, Hasidi, Mwivu, tukapigia mistari, basi. Nikamsomea bibi usiku wa kwanza, akatulia. Usiku wa pili, manyani walipotokea, akainua mkono.

"Walikuwa mbwa," akasema.

Nikatazama kitabu. Nikamwambia hapana bibi, imeandikwa manyani.

"Mimi nasimuliwa na bibi yangu, sijaanza hata kufunga Ramadhani, na walikuwa mbwa wawili. Tena weusi. Akiwapiga kisha anawafuta machozi."

Wakuu, nilikwenda kuangalia. Kisa hiki kipo katika Alfu Lela u Lela, na humo wale ndugu wawili wamegeuzwa mbwa. Shaaban Robert alikichukua akakifanya chake, akawafanya manyani, akakipa majina yake na nchi yake. Bibi hajawahi kukishika kitabu kile wala hiki. Alikipokea kwa mdomo, kutoka kwa mwanamke aliyeishi Tanga hii hii alipoishi Shaaban Robert, na huenda mtoto yule wa Vibambani naye alikisikia jioni kwenye mkeka kabla ya kukutana nacho kwenye karatasi.

Nikamuuliza anakikumbuka chote? Akasema labda. Nikafunga kitabu nikaweka simu irekodi.

Kwa hiyo Dunda, swali lako la pili najua litakuwa tumefika wapi na Adili. Tupo ukurasa ule ule wa manyani, usiku wa nne leo. Msomaji sasa ni yeye. Jana alifika pale ndugu wanapomtupa baharini, akasema amechoka, tuendelee kesho.